Barabara ya Nane

Siku ya kwanza ya mafunzo Nesi Hidaya alitugawia karatasi tupu
akasema: chora uso wa saa,
kisha mishale iweke kwenye saa tano na dakika kumi.

Zawena, mfua mashuka wa Makorora miaka tisa,
akauelekeza mshale mfupi kwenye tano.
Mimi, kwenye kumi na moja.
Tukatazamana. Nani kati yetu mgonjwa?

Nesi akacheka hadi akavua miwani.
Kipimo hiki kimekuja na meli, akasema,
hakijui kwamba kwetu mshale huonyesha saba
na kinywa kikasema moja.
Msimhukumu mzee kwa karatasi.
Mjueni alivyokuwa,
ndipo mtajua kilichopungua.

Hilo niliandika. Na mengine:
presha ipimwe, isingojwe kichwa kiume;
chumvi ibaki jikoni, isifike mezani;
sikio likiziba, akili hubaki peke yake,
basi tazameni nta kabla ya kusema hataki kujibu;
watembezwe, waulizwe, wabishiwe kwenye bao.
Si kinga kamili, akasema. Ni kupunguza.
Neno "uzee tu" alilifuta ubaoni mara mbili.
Neno "amerogwa" hakuligusa:
alimpa dasta aliyelisema.

Dalili ya mvua ni mawingu, akanong'ona Zawena.
Nesi akasikia. Na mengine hupita, akajibu,
ila huyajui mpaka utazame juu.

Jumatatu nilirudi zamu ya asubuhi.

Mzee Singano alipeleka simu za maandishi kwa baiskeli
enzi ambazo mkonge ulilipa mishahara ya nusu ya mji.
Kila nikimkanda magoti
huzihesabu barabara za Ngamiani kama anayevuta uradi:
ya kwanza, fundi cherehani mwenye kigugumizi;
ya pili, mbwa;
ya tatu, mjane aliyepokea kila habari
akiwa ameketi kabisa.
Miaka minne nimezisikia. Nilikuwa naitikia mmm
huku nikiwaza kodi ya chumba.

Siku hiyo nilisikiliza.
Ya sita, kwa mkaanga kahawa.
Ya saba, ngazi tatu, mlango wa buluu.
Ya tisa—

Mikono yangu ikakwama gotini.
Na ya nane, Mzee?

Akanitazama kwa adabu,
kama unavyomtazama mgeni aliyebisha nyumba siyo.
"Ya nane haina barua," akasema.

Ya nane ndiko alikooa.
Mwaka jana alinisimulia mpaka rangi ya mkeka.

Sikumsahihisha. Tulifundishwa hivyo.
Nilichukua daftari la zamu, lile tunaloandika
amekula, amelala, amepata choo,
nikaweka tarehe, na mbele yake:
Ameruka barabara ya nane.

Bwana Mhina, msimamizi, akakunja uso:
hii ni dalili gani, iingie safu ipi?
Nikamwambia safu siijui. Naujua mtaa.

Alhamisi tulikuwa Bombo, kwenye benchi, tangu saa moja.
Daktari akachukua damu, akauliza tezi, akauliza sukari,
akamwaga vidonge vyake vyote juu ya meza
na kimoja cha usingizi akakirudisha kwangu: hiki acheni.
Rudini baada ya wiki sita.
Hakutuahidi kitu, nami nikampenda kwa hilo.

Sasa tunatembea, uani mara nane,
yeye akihesabu, mimi nikifunga mdomo.
Zawena hufua akimuuliza bei za zamani
ili wagombane.

Juzi alifika ya nane akasimama.
Akashika usukani ambao haupo.
"Hapa," akasema, "huwa nateremka.
Nasukuma kwa mkono mpaka niupite mlango wao.
Mkwe hapandi baiskeli mbele ya wakweze."

Leo ameiruka tena.
Nimeandika.